Bi Huenda Anaiaga Meza ya Misimu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mtabiri mkuu wa misimu katika idara yetu ya hali ya hewa anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Sisi tunaofanya naye kazi tumezoea kumwita Bi Huenda. Jina limemkaa hata kifurushi chake kiliwahi kuandikwa hivyo na posta wakakifikisha bila kuuliza.

Alianza kwa kupima mvua kituoni, akapanda ngazi mpaka meza ya misimu, ambako kazi ni kuichungulia bahari ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona. Maji ya bahari ile ya mbali yakipoa, mvua kwetu hupungua na majira ya baridi huja makavu, yenye usiku wa kuunguza mimea. Yakipata joto, mvua hurudi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo kila mtabiri mpya alivyotaka kuandika: mvua zitanyesha. Bi Huenda alichukua kalamu nyekundu akaongeza neno lake. Aliyebisha aliambiwa kwamba bahari haijawahi kuwekeana mkataba na mtu. Hata ukimwuliza kama atakunywa chai, jibu lilikuwa lile lile, na chai akanywa.

Tungependa kuishia kwenye kucheka, lakini hatuwezi. Miaka kumi na moja iliyopita bahari ilipata joto, na vipimo vyote vilionyesha neema. Aliandika kwamba huenda mvua zikawa nzuri. Msomaji wa habari redioni, akikimbizana na muda, akasoma kwamba mvua zitakuwa nzuri. Mdogo wa kiume wa Bi Huenda, mkulima, alisikia taarifa ya dada yake akapanda mbegu zote, pamoja na za akiba. Kumbe bahari imebadili tabia: safari hii joto lilikuwa limehama, limekaa mahali pengine kabisa, na mvua hazikuja. Kisha baridi ikaingia, kavu, ikamaliza kilichobaki. Ng'ombe walikufa mmoja mmoja. Mdogo mtu akauza shamba, akahamia mji mdogo kulinda geti la ghala la watu.

Bi Huenda hakumlaumu msomaji. Alisema neno linaloweza kudondoka bila mtu kustuka halikuwekwa vizuri na aliyeliweka. Tangu hapo taarifa ya msimu ameisoma redioni mwenyewe, kwa lugha ya shambani: panda nusu, nusu ibaki ghalani. Ukame uliofuata ulikuwa mkali zaidi, na wengi waliupita kwa sababu ya nusu ile. Alipewa tuzo. Aliipokea, akashukuru, akarudi kuketi safu ya nyuma.

Kila likizo amesafiri kwenda kwa mdogo wake. Hupiga hodi, wifi yake hutoka, humwekea kiti uani na chai, humwambia mwenyewe amelala. Mwaka jana, kama alivyotusimulia dereva wetu aliyempeleka, ilikuwa saa nne asubuhi, na redio iliyokuwa ikisikika ndani ikazimwa. Aliporudi kazini tulimwuliza habari za huko, akasema njema. Wahenga walituambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, kwa hiyo tulilima, lakini ilituuma kumtazama.

Tutamkosa sana. Nani sasa atatukatalia kujifanya tunajua? Bahari inazidi kugeuka, kanuni za zamani zinatuponyoka, na yeye ndiye anaondoka.

Wastaafu wengi hujenga au hufungua duka. Yeye amepanga vyumba viwili katika mji ule mdogo, mtaa mmoja na mdogo wake. Wiki iliyopita, tukifunga makabrasha yake, nilimwuliza kama anadhani atapokelewa. Nilisubiri lile neno lake, nikiwa tayari kucheka. Hakulisema. Alisema tu, "Nimemlea mimi yule," akaendelea kufunga kamba.

Asante, dada yetu, kwa kutufundisha kusema ukweli hata pale ukweli wenyewe ni kwamba hatujui. Uwe na afya, na usingizi wa kutosha. Tunakutakia maisha mema huko uendako, na siku utakapopiga hodi, aitikie mwenyewe.