Mwalimu Leonhard Zeyringer, Mtunga Kalenda wa Rauenstadt

Marehemu Mwalimu Leonhard Zeyringer alizaliwa tarehe 14 Machi 1567 kijijini Ebersried, mtoto wa nne wa mwoka mikate Veit Zeyringer na mkewe Kunigunde. Baba yake aliwasha tanuri kabla ya mapambazuko na kumtoa mtoto nje asikanyage unga. Huko uani ndiko alikoanza kuzijua nyota.

Alisoma shule ya Kilatini hapa Rauenstadt, kisha Chuo Kikuu cha Tübingen. Mwaka 1592 baraza la mji lilimwajiri kupima mienendo ya nyota na kutunga kalenda ya kila mwaka. Kwa kuwa wenzetu Wakatoliki wa ng'ambo ya mto walikuwa wameipokea kalenda ya Papa, iliyoitangulia yetu kwa siku kumi, aliziandika zote mbili sambamba, watu wasipishane sokoni.

Tarehe 22 Oktoba 1594 alifunga ndoa na Apollonia, binti wa mfua shaba Jobst Riedmair. Karamu ikiendelea, bwana harusi alikutwa uani akiitazama sayari ya Mushtarii. Mkwewe akamwambia, "Mwanangu, rudi ndani, supu inapoa. Huko juu hakuna aliyekupa mke." Apollonia alimfuata na bakuli, wakaitazama pamoja. Walijaliwa binti mmoja, Sabina, mchonga ramani za nyota kwenye mabamba ya shaba.

Septemba 1609 Apollonia alivuka mto kumuuguza dada yake, Walburga, aliyeolewa huko. Alimtuma mvushaji amwambie mumewe aje kumchukua Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Yeye aliihesabu kama wenyeji wake. Mumewe aliihesabu kama sisi. Apollonia alishinda kivukoni akinyeshewa, akikataa kuondoka, kwa maana Leonhard, alisema, hakosei tarehe. Homa ya mapafu ikamshika. Mto ulifurika, habari zisivuke, akafa na kuzikwa makaburini huko, padri wa wakati ule asiulize alikuwa wa kanisa gani.

Mwalimu alifika na mkokoteni na shali mpya ya sufu.

"Alikungoja, shemeji," Walburga alimwambia mlangoni.

"Leo ndiyo Mikaeli."

"Kwenu. Kwetu imepita."

Tangu hapo, kila Januari alisimama mbele ya baraza akiomba mji ufuate hesabu moja na majirani. Kila Januari alijibiwa kwamba siku za Papa zibaki kwa Papa. Alirudi nyumbani, akaandika tena zote mbili.

Aliugua kifua tangu vuli ya mwaka jana, akafariki tarehe 11 Februari 1628, ambayo ng'ambo ni tarehe 21. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri yalikuwa, "Sabina, nilaze kwa mama yako." Sabina alivuka kuomba. Padri wa huko alimpokea kwa upole, akalia naye, lakini hakuweza kumpa asiye wa kanisa lake nafasi makaburini. Kwa hiyo leo analazwa hapa, upande wa kwetu.

Ameacha binti yake, Sabina, na shemeji yake, Walburga, ambaye alipopelekewa habari za mazishi aliuliza kwanza ni tarehe ya upande gani, akafika jana.

Mungu, ambaye kwake siku zote ni moja, ampumzishe kwa amani.