Mzee Bamvua Akabidhi Miamba

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika hifadhi yetu ya pwani, mwongozaji mkuu wa wageni anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mzee Bamvua, kwa sababu hajawahi kuchukua likizo siku za bamvua, pale maji yanapokupwa hadi mbali, wageni wakaweza kutembea juu ya miamba. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Nadhani aliyeniomba hakujua kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikimwonea wivu.

Alianza kama mfagiaji wa eneo la mapumziko, akiokota chupa na kufuta meza. Saa ya chakula alishuka kwenye vidimbwi kutazama. Baada ya miaka miwili alijua kila kaa anakojificha, na meneja wa wakati huo akampa fulana ya waongozaji. Mimi nimesomea viumbe vya baharini miaka mitatu na cheti changu kiko ukutani. Wageni hawana habari nacho. Wanafika getini na kuuliza Mzee yuko wapi.

Kitabu cha maoni nakitunza mimi, kwa hiyo ushahidi ninao. Mwaka jana alisifiwa mara mia mbili na kumi na mbili. Mimi nilitajwa mara tisa, na mbili kati ya hizo zinasema natembea haraka mno. Hata mbwa wa mlinzi humsindikiza yeye.

Sifa yake kubwa ni pweza. Kila pweza aliyehamia kwenye miamba yetu, Mzee alimpa jina la Jirani. Shimo alilitambua kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni, kisha akachuchumaa, akatia kidole majini na kungoja. Pweza alinyoosha mkono mmoja taratibu, akakigusa. Mimi nimechuchumaa pale hadi miguu ikafa ganzi, nisipate hata salamu.

Mwaka wangu wa saba wivu ulinishinda. Asubuhi moja niliwahi kabla ya kikundi chake, nikamchokoza Jirani kwa fimbo ili atoke na mimi nijue namna ya kumtoa. Alitema wino akakimbilia kwenye ufa wa mbali. Kabla wino haujatulia, Mzee Bamvua akatokea na familia moja iliyomleta bibi yao, aliyekuwa na hamu ya kumwona pweza hai. Aliutazama wino, akaitazama fimbo mkononi mwangu. Kwa kanuni zetu, neno lake moja lingenifukuzisha kazi. Akawageukia wageni.

"Jirani amehama," akasema. "Mwenzangu hapa anajua alikoelekea. Tumfuate yeye."

Nikatangulia, uso umenishuka. Tulimkuta ufani, na bibi akacheka kwa furaha hadi akafuta machozi. Kisha akamshika mkono Mzee Bamvua na kumshukuru. Kwenye kitabu waliandika jina lake, langu halimo, na nilikaribia kupasuka. Jioni nilimwomba radhi ofisini. Aliichukua ile fimbo, akaegemezea dirisha la stoo lililokuwa likijifunga ovyo, akaniambia kesho maji yatakupwa saa mbili nisichelewe. Hakuligusia tena jambo lile.

Mwezi uliopita meneja alinionyesha barua yake ya kuagia. Anapendekeza miamba nikabidhiwe mimi. Nimeisoma mara nne nikitafuta neno la kunikera. Sikulipata, na hilo ndilo lililonikera.

Mzee Bamvua, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi, kwa subira na kwa kutufundisha kutazama kabla ya kusema. Kapumzike. Kaa na mkeo, na chakula cha mchana ukile ukiwa umeketi. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu.

Nina ombi langu binafsi. Kwa miezi sita usije kututembelea. Nataka mgeni mmoja tu afike getini aniulizie mimi. Siku hiyo ikifika nitakuwa na hamu ya kumsimulia mtu, na sina wa kumsimulia ila wewe.