Kopo la Vidonge Chini ya Benchi

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu. Lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na chini yake, upande wa matofali, lilikaa kopo kubwa la rangi nyeusi ya viatu ambalo rangi yake iliisha zamani. Badala yake lilikuwa na vidonge. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi: ukipona kabla dawa hazijaisha, unatupia zilizobaki kwenye kopo; ukiumwa, unapapasa chini ya benchi na kujihudumia. Aliyekunywa kabla yako anakueleza zilimfanyia nini, na hiyo ndiyo karatasi yako ya daktari. Kwa miaka saba kopo lile lilitutibu bila foleni, bila sindano na bila akili. Asubuhi moja Mama Birika, muuza kahawa wetu, alikuwa ameshamimina kahawa ya kwanza, Katibu ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kama anakiuza, na mimi nina kiatu cha mtu magotini. Ndipo akatokea Fundi Tepe, fundi cherehani wetu, tepe ya kupimia shingoni, shati amelifunga vifungo upande. Hakusalimia mtu. Aliinama moja kwa moja chini ya benchi.

— Tepe! — nikamwambia. — Hata jambazi huanza na "mikono juu".

— Salamu baadaye. Vile vidonge vyangu vya jino viko wapi?

— Vimo humo. Vilikuwa tisa, Spana akala viwili.

— Basi saba. Navichukua vyote.

— Na mimi kichwa changu? — Katibu akalalamika. — Nilikuwa nimeviwekea miadi!

Katibu hana ofisi wala barua aliyowahi kuiandika. Tunamwita hivyo kwa sababu kila jambo lazima alitolee taarifa.

— Kichwa chako kitasubiri, — Tepe akasema. — Ni cha mke wangu. Hajalala tangu juzi.

Mke wa Tepe alikuwa amejifungua siku sita nyuma, kwa upasuaji. Mtoto wa kike, nywele tele, sauti ya mpiga debe.

— Mshono unamwuma, — Tepe akaendelea. — Akigeuka analia, asipogeuka analia. Vidonge walivyompa hospitali anasema ni kama analamba ukuta. Mtoto akilia, mama naye anaanza, mimi nimesimama katikati kama refa.

— Si umrudishe hospitali? — Mama Birika akauliza.

— Nirudi wapi, Mama? Lile jino langu umesahau? Nimerudi mara mbili nikisema hizi dawa hazinifanyi kitu, nakunywa viwili, nakunywa vinne, jino liko pale pale linapiga ngoma. Wakaniambia, "Mwanaume mzima!" Nikaja hapa kwenu nipate kuliwazwa. Mkanibatiza Kichanga.

Ni kweli. Na aliyemnunulia chuchu ya mpira, ile ya kunyamazishia watoto, akamfungia kwenye cherehani yake mbele ya wateja, ni mimi. Siku ile tulicheka mpaka Mama Birika akamwaga kahawa. Sasa niliinamia kiatu, nikapiga msumari mahali pasipohitaji msumari.

— Sitaki mke wangu aangaliwe kama nilivyoangaliwa, — Tepe akasema.

— Lakini hebu nieleweshe, — Mama Birika akamwambia. — Dawa haikukufaa wewe. Sasa unampelekea ya nini?

— Mimi haikunifaa. Spana je?

Sote tukageuka kuangalia ng'ambo ya barabara, kwenye gari jeupe lenye miguu miwili inayotokeza chini. Ilikuwa miguu ya Spana, makanika wetu. Miguu ilitikisika. Tukashusha pumzi.

Tuna sababu. Wiki iliyopita Spana aliumwa mgongo, akala vidonge viwili vya Tepe, kwa maelezo ya Tepe mwenyewe kwamba "ni unga tu, havina kitu". Akaingia chini ya gari lile lile. Ikapita saa nzima, miguu haitikisiki. Mwenye gari alipokuja akaigusa kwa kiatu, kisha kwa hofu akaanza kuniita mimi kwa jina la marehemu baba yangu. Tulimvuta Spana nje akiwa amelegea, anapumua kwa kuhesabu. Tukampakia kwenye gari, gari likakataa kuwaka, maana ndilo alilokuwa analitengeneza. Tukalisukuma mpaka zahanati, kilometa nzima, mwenye gari ameshika usukani huku analia.

— Spana! — Tepe akaita. — Njoo uwaambie! Ulilala au hukulala?

Spana akajiburuta nje, akaja anajifuta grisi.

— Nililala. Tena nusura nilale jumla.

— Umesikia, Mama Birika? Dawa inalaza. Mke wangu anataka kulala.

— Ngoja, Tepe, ndugu yangu, — Spana akasema, na akakaa karibu naye, jambo ambalo halifanyi mara nyingi kwa sababu ya grisi. — Kwanza nikuombe radhi. Kile kichuchu cha mpira nilicheka sana. Daktari wa zahanati alinieleza kitu, nikajisikia vibaya. Aliniambia vidonge vile ukivimeza si dawa bado. Ini lako ndilo linalovigeuza kuwa dawa. Sasa kuna watu maini yao hayavigeuzi kabisa. Wanameza, wanasubiri, hakuna kitu. Wengine, kama mimi, ini linavigeuza vyote mara moja, kama mtego unaofyatuka. Na hujifanyii mwenyewe, unarithi, kwa baba na kwa mama, kama unavyorithi pua. Kwa hiyo ulikuwa hudeki. Jino lilikuwa linakuuma kweli.

Tepe akamwangalia. Akashika shavu lake la upande ule, taratibu, kama anampa pole mtu mwingine.

— Lilikuwa linauma sana, — akasema.

— Samahani, Tepe, — nikasema mimi.

— Na alisema tena, — Spana akaendelea, — kwamba kuna jamii ambamo watu wa aina yangu ni wengi, na jamii nyingine ni wachache...

— Hapo hapo! — Katibu akaruka, kichwa kimesahaulika. — Hapo umemaliza kesi! Ni mambo ya kwenu ni wapi! Tepe, nyinyi ni watu wa milimani. Baridi! Ini la mtu wa milimani limeganda, linahitaji dawa nyingi liyeyuke. Spana ni mtu wa bondeni, ini lake liko tayari, limekaa mkao wa kula.

— Hujaniacha nimalize. Daktari alisema ukimwona mtu tu humjui...

— Daktari amesomea kwa vitabu, mimi nimesomea kwa macho! Na kazi nayo inachangia. Tepe anakanyaga cherehani kutwa nzima. Dawa inashuka miguuni, inaishia kwenye pedali! Spana kazi yake ni kulala chali, dawa inakimbilia kichwani.

— Basi cherehani yangu haiumwi jino, — Tepe akasema. Alikuwa anakaribia kucheka, na mimi nilifurahi kumwona.

— Wahenga walisema... — Katibu akaanza.

— Waache wahenga wapumzike, — Mama Birika akamkata. — Wao hawakunywa vidonge.

— Sawa, tupige hesabu. Tepe, wewe na mke wako mmetoka wapi?

— Kijiji kimoja. Nyumba zinaangaliana.

— Umeona! Maini yamekulia baridi moja. Wewe vinne havikukutikisa. Yeye ni mwanamke, tumpunguzie, vitatu. Lakini ana mshono. Kwa heshima ya mshono, turudi vinne. Kwa mkupuo!

— Kaka yangu tumetoka tumbo moja, — Spana akasema kwa sauti ya juu. — Alivunjika mkono, akapewa vidonge hivi hivi, akanywa, wala havikumlegeza, akaenda kazini. Tumbo moja, Katibu! Wewe unaniletea kijiji?

— Kaka yako alizaliwa msimu gani?

— Mungu wangu!

Tepe alikuwa ameshavimwaga vidonge kiganjani, anavisogeza kwa kidole. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Mtu huyu, nikwambie, hajawahi kumkatia mtu hata mfuko wa shati bila kumzungushia tepe mara mbili. Mapacha walikuja kwake wakitaka sare, akawapima kila mmoja peke yake, tena akakuta mmoja ana bega la juu. Sasa amesimama pale na tepe yake shingoni, anahesabia mke wake vidonge kwa kipimo cha kijiji.

Niliona hayo? Niliona. Nilisema? Sikusema. Kopo ni langu, na mwenye duka hawezi kuisema bidhaa yake vibaya.

— Nitajie mtu mmoja wa kwenu, — Katibu akamsukuma, — mmoja tu, aliyewahi kuangushwa na dawa. Mmoja!

Tepe akafikiri. Halafu uso wake ukafunguka, akaanza kucheka.

— Yupo mmoja! Mama mkwe wangu! Siku ya harusi yetu alikuwa na kikohozi. Akapewa dawa ya maji, kijiko kimoja, kijiko kidogo cha chai. Wallahi, hakuiona harusi! Tunakula kiapo, yeye anakoroma. Watu wanapiga vigelegele, yeye...

Akakoroma. Tepe ana kipaji, lazima niseme. Alikoroma kwa pua, kwa koo, akapiga na filimbi mwishoni, shingo imelalia begani, mdomo wazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumwona mama mmoja aliyesimama nyuma yake, mfuko mkubwa mkononi, vumbi la safari kwenye viatu. Nikakohoa. Tepe akadhani namsindikiza, akaongeza sauti. Spana akamkanyaga mguu. Akakoroma na kupiga yowe kwa pamoja.

— Ilikuwa kali zaidi ya hapo, — yule mama akasema. — Mimi mwenyewe niliambiwa.

Mkoromo ule ulifia njiani. Tepe aligeuka, akainama mpaka tepe ikagusa chini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Nimefika na basi la asubuhi. Nikawa nauliza njia ya kwako, nikasikia nakoroma, nikajua nimefika.

Katibu alitafuta mahali pa kujificha, benchi halikumpa. Mama mkwe akauangalia mkono wa Tepe, uliofumbwa.

— Umeshika nini?

Kuna watu unaweza kuwadanganya; mama huyu si mmoja wao. Tepe akafungua kiganja, akaeleza yote: mshono, usiku mbili za kulia, jino lake, miguu ya Spana chini ya gari, ini, urithi, milima. Alieleza kama mtoto aliyevunja sahani. Nilisubiri mama yule apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye benchi, upande wa matofali, akaweka mfuko chini kando ya kopo, akachukua kidonge kimoja kiganjani kwa Tepe na kukigeuza kwenye mwanga.

— Kwa hiyo ni kitu cha kurithi? — akamwuliza Spana.

— Ndivyo alivyosema daktari, mama. Kwa baba na kwa mama.

— Baba yake mke wako, Mungu amrehemu, — akamwambia Tepe, — alikuwa hashikwi na dawa yoyote. Siku alipovunjika mguu walimpa vidonge wakangoja, wakampa wakangoja, mwisho wakamfunga mguu hivyo hivyo anawaangalia. Mimi kijiko kimoja cha kikohozi kilininyima harusi ya mwanangu. Sasa nyinyi wataalamu niambieni. Binti yangu, kwenye jambo hili, ni wa baba yake au ni wangu?

Tepe akamwangalia Spana. Spana akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Katibu, na Katibu, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwe na miguu, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hakuna aliyejua. Kama ni wa baba yake, vinne visingemfanya kitu. Kama ni wa mama yake, vinne...

— Na anyonyeshaye, — mama mkwe akaongeza, taratibu zaidi, — anachokimeza kinaishia wapi? Mjukuu wangu ana siku sita. Yeye ni wa nani?

Tepe alivirudisha vidonge ndani ya kopo kimoja kimoja, na nilisikia kila kimoja kikigonga bati.

— Mama, — akasema, — nilitaka alale tu.

— Najua, baba. Twende tumchukue, tumrudishe hospitali. Uwaambie yote: ya jino lako, ya kijiko changu. Wakikuangalia vibaya, waambie waniangalie mimi.

Spana alikuwa ameshavuka barabara. Aliingia kwenye lile gari jeupe, akageuza ufunguo, na gari likawaka mara moja. Tulishangaa, na Spana alishangaa kuliko sisi. Mama mkwe akakaa mbele, mfuko mapajani. Tepe akakaa nyuma, akachomoza kichwa dirishani.

— Lile kopo! — akaniambia.

— Nalipeleka zahanati leo hii, — nikamjibu. — Na chuchu ya mpira nitaitoa kwenye cherehani.

— Chuchu iache, — akasema. — Sasa ina mwenyewe.

Wakaondoka. Nikalivuta kopo kutoka chini ya benchi, nikalifunga kwa ile kamba ngumu ya kushonea soli, mafundo matatu. Mama Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili na mvuke.

— Imeisha, — akasema.

Katibu alibaki amekishika kichwa chake.

— Bado kinauma? — nikamwuliza.

— Kinagonga.

Nikalisogeza kopo karibu naye, kumjaribu tu. Akaliangalia kama mtu aliyekutana na nyoka kitandani. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta namba, akasimama pembeni kwa adabu.

— Shikamoo, mama... Hapana, hakuna aliyekufa... Hapana, mama, mimi mzima. Nina swali moja tu.