Bwana Wastani, Aliyewahesabu Wasiofika

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba namba kumi na saba ya wafanyakazi wa reli, chumba cha nyuma, dirisha likitazama ghala la makaa. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa karani wa tiketi na mshonaji wa sare. Dada yake, aliyemfuata kwa miaka mitatu, anasema kaka alianza kuhesabu kabla hajajua kufunga vifungo. Vifungo vyenyewe ndivyo alivyokuwa akivihesabu, kwenye kopo la mama yao, huku shati lake likiwa wazi mpaka kitovuni.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1959. Wengi mtadhani mtu aliyekuja kupanga shule zote za wilaya kwa nafasi alikuwa hodari toka utotoni. Wapi. Darasa la tatu, muhula wa kwanza, alikuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini na mmoja. Alirudi nyumbani kifua mbele, akamwambia baba yake kwamba amewaacha watatu nyuma. Baba akataka kujua ni kina nani. Wawili walikuwa wamehama shule na mmoja alikuwa amelazwa kwa surua. Kisa hiki alikisimulia maisha yake yote, akikimalizia kwa maneno yale yale: "Nilikuwa wa mwisho, ila karatasi ilinisitiri." Alikuwa akianza kucheka kabla msikilizaji hajaelewa.

Baada ya hapo alijikaza. Alimaliza sekondari mwaka 1969 na chuo cha ualimu mwaka 1971, akafundisha hisabati kwa miaka kumi na moja na nusu. Katika shule yake ya pili, chumba chake cha darasa kilitenganishwa na cha jirani kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa pili alifundisha mwalimu wa kike, mwembamba, mkali, mwenye mwandiko ambao wazazi walionyeshana. Kelele zilipozidi, aligonga ukuta kwa rula mara tatu. Ilikuja kujulikana kwamba marehemu alikuwa akiwaambia wanafunzi wake waimbe majedwali kwa sauti ya juu, apate kugongewa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike mwaka 1981. Ndiye anayesoma maneno haya.

Julai 1983 alihamishiwa ofisi ya elimu kuwa afisa takwimu. Alipewa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, makabati mawili ya chuma, na mashine ya kuhesabia iliyotema ukanda wa karatasi. Kila mwaka alipokea alama za darasa la saba kutoka shule arobaini na tatu, akatafuta wastani wa kila shule, akazipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha alibandika orodha kwenye ubao wa matangazo, yeye mwenyewe, kwa pini nne. Kwa karatasi hiyo mwalimu mkuu mmoja alipandishwa cheo na mwingine akahamishwa. Hapo ndipo alipopata jina la Bwana Wastani. Mwanzoni lilikuwa la utani.

Mwaka 1994 shule aliyofundisha mke wake iliongoza. Wanafunzi hamsini na sita walifanya mtihani, wastani wao alama 181.50, na haikuwepo shule iliyoikaribia. Mama ndiye aliyekuwa na darasa la saba. Alikuwa amewafundisha Jumamosi zote za mwaka ule, na ilisemwa waziwazi kwamba shule mpya ya upande wa kiwandani itakuwa yake kuiongoza. Alikwisha kununua kengele ya mkono kwa ajili ya shule hiyo. Aliiweka juu ya kabati, imefungwa kwenye gazeti.

Lakini walioandikishwa kwa mtihani walikuwa sitini na wawili. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kugawa jumla ya alama kwa idadi ya waliofanya, na mgonjwa hakuingizwa, mradi shule ilete barua. Barua ililetwa: sita wana homa. Marehemu aliweka barua hiyo kando ya matokeo ya mtihani wa majaribio. Wagonjwa wote sita walikuwa wa hamsini na saba mpaka wa sitini na mbili, bila kurukwa hata mmoja. Aliwahi kumwambia dada yake, "Homa gani hii, mdogo wangu, inayojua nani ni wa ngapi?"

Alikwenda kwa miguu nyumba zote sita. Wanne aliwakuta wazima, mmoja alikuwa amepelekwa kwa bibi yake. Nyumba ya mwisho alimkuta msichana akisugua sufuria kwa mchanga. Alimuuliza kwa nini hakwenda kufanya mtihani.

"Mwalimu mkuu alisema nisubiri mwakani," msichana alijibu.

"Na mwalimu wako wa darasa alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alinipa penseli yangu nikaondoka nayo."

Alirudi ofisini, akaikataa barua, akagawa jumla ile ile kwa sitini na mbili. Ikatoka 163.94. Shule ikashuka kutoka ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Orodha ilikuwa ya kubandikwa Alhamisi, na kwa sheria ya kazi ilikuwa siri mpaka hapo. Siku tatu alirudi nyumbani, akanawa mikono, akala chakula cha mke wake, akashukuru, akalala. Hakusema neno. Alhamisi asubuhi mama aliisoma orodha ubaoni akiwa amesimama katikati ya walimu wenzake, kuanzia juu, akishuka.

Familia haitaki kupamba mambo mbele ya kaburi. Jioni ile binti yao alikuwa mezani, ana miaka kumi na mitatu, na anakumbuka yaliyosemwa.

"Hawakuweza," mama alisema. "Jumamosi zote nimekaa nao, hawakuweza. Ulitaka niwaangushe hamsini na sita kwa ajili ya sita?"

"Nilitaka wahesabiwe."

"Basi ungeniambia mimi. Sio ubao."

Barua ya uteuzi haikuja. Januari 1995 mama alihamia kwenye nyumba za walimu pamoja na bintiye, akaiacha kengele juu ya kabati. Hapakuwa na talaka wala ugomvi mwingine. Binti aliletwa kwa baba yake kila Jumapili mchana, na kufuatwa saa kumi na moja, kwenye kona ya barabara, mahali mama asipolazimika kuuona mlango.

Mwaka uliofuata ofisi iliukubali utaratibu wake: jumla ya alama igawanywe kwa wote walioandikishwa, na barua ya ugonjwa itoke kwa mganga. Mwaka huo watoto mia mbili na saba zaidi walifanya mtihani katika shule zile zile arobaini na tatu. Hakupongezwa na mtu. Akiingia ofisi ya walimu, kiti kilivutwa haraka, soda ikafunguliwa, mazungumzo yakafa. Alikunywa chai peke yake katika chumba cha mwisho kwa miaka kumi na sita, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Aliumia kwa hilo. Alikuwa mtu wa kupenda maneno na mizaha, na aliyekuwa akimfanyia mizaha hakuwepo.

Nyumbani aliishi na redio. Kitasa cha mlango wa mbele kiliharibika mara mbili, na mara zote mbili fundi alimshauri anunue kipya, rahisi zaidi. Alikataa. Alimtaka fundi akitengeneze kile kile, kisha akamwomba binti yake aazime ufunguo wa mama kwa siku moja, aujaribu kama bado unafungua. Uliporudishwa mama hakuuliza uliazimwa kwa nini, wala hakuutupa.

Mwaka 2021 figo zilianza kuchoka. Alilazwa mara nne, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Muuguzi alipomtajia presha ya siku, aliomba wastani wa wiki, akidai siku moja inaweza kumsingizia mtu. Mwezi Mei mwaka huu, alipoona hali si nzuri, alimpa binti yake salamu.

"Mwambie mama yako nilikuwa na siku tatu."

Binti alizipeleka. Mama alikuwa anapepeta mchele. Alimaliza kupepeta ungo ule, kisha akasema, "Mwambie nami nilimpikia siku zote tatu."

Majibu yalipomfikia, marehemu alifumba macho. "Najua," alisema. "Ya mwisho ilikuwa kuku."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Dada yake na binti yake walikuwa naye. Kiti cha tatu kilikuwepo, na muuguzi alikiomba kwa ajili ya kitanda cha jirani.

Juzi, maneno haya yalipokuwa yakiandaliwa, mama alipiga simu. "Mwanangu, andika unavyotaka," alisema, "ila mimi usiniweke. Miaka ishirini na minane sikuwepo, na kesho kutwa sitakuwepo." Aliombwa afikirie tena. Alisema amefikiria vya kutosha.

Marehemu ameacha dada mmoja, mtoto mmoja, na wajukuu wawili, ambao wote mnawaona hapa mbele. Ameacha pia mke mmoja, aliyeandikishwa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979. Hajafika. Tumemhesabu, kwa sababu marehemu asingekubali orodha iliyompunguza.

Alale sasa kwa amani. Nyumba itabaki ilivyo, na kitasa hakitabadilishwa.