Dawa ya "Hiki Tu?"

Benchi lilikuwa kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya makochi, na kila jioni wenyewe walilikalia kama mali ya urithi. Upande huu kinyozi, aliyeitwa Profesa kwa sababu mteja aliyenyolewa nusu hawezi kuikimbia mihadhara yake. Katikati Waya, fundi umeme mwenye jibu la kila jambo isipokuwa umeme. Upande ule Fundi Sofa, kikombe cha muuza kahawa wa pale mkononi, uso umemshuka. Alikuwa amemtengenezea binti yake mdogo kiti kwa vipande vya mahameli alivyovibania muda mrefu. Mtoto alikizunguka, akakibonyeza kwa kidole, akasema, "Hiki tu?" Fundi aliumia kweli. Alitaka mwanawe ajue kushukuru, na hakujua aanzie wapi.

— Jana nilifuata ushauri wako, Profesa, alisema. Nikamnyang'anya mto ili aujue utamu wake.

— Akashukuru?

— Akalalia tumbo langu. Mto umelala kabatini, mimi nimekesha.

— Ulinyang'anya kidogo. Ungechukua godoro.

— Godoro analilalia na dada zake.

— Basi washukuru wote.

Waya akacheka kwa dharau.

— Mnacheza ninyi. Mimi kwangu nilizima umeme nyumba nzima. Nikawaambia, leo mtaijua thamani ya taa.

— Ikawaje?

— Wakacheza kujificha mpaka wakachoka. Sasa kila jioni wananibembeleza nizime.

— Si wameridhika?

— Wameridhika na giza, bwana. Mimi nilitaka waridhike na taa.

Profesa akapiga funda la kahawa, akakohoa. Hapo wenzake wakajua kuna jambo zito linakuja.

— Tatizo ni sakafu, akasema. Mtoto amezaliwa ameikuta. Hamieni juu ya paa, familia nzima, na masufuria yenu. Siku mkishuka ataibusu hiyo sakafu.

— Na mvua?

— Mvua ndiyo mwalimu msaidizi.

— Mke wangu je?

— Huyo mwambie ni elimu.

Fundi alijua fika kwamba hizo ni porojo. Lakini moyo ulikuwa unamuuma, akaendelea kusikiliza.

— Paa nalo dogo, Waya akasema. Kitu kikubwa kuliko vyote pale kwako ni nini? Ni wewe. Basi upotee wewe.

— Nipotee?

— Potea, kaka. Akikukosa jioni kadhaa, siku utakayotokea atakikumbatia kiti na wewe mwenyewe.

— Nikishapotea nitakaa wapi?

— Hapa hapa. Sisi tupo.

— Lakini hapa ndipo ninapokaa kila jioni.

Profesa akamtazama kwa heshima mpya.

— Kumbe ulishaanza dawa bila kujijua.

Mara binti mwenyewe akatokea, akiburuta kandambili za mama yake. Akawapa wazee shikamoo, mmoja mmoja, kisha akamgeukia baba yake.

— Mama anasema chakula kipo mezani.

— Mwambie nakuja.

Hakuondoka. Alilitazama benchi, ubao wake uliopasuka, na misumari iliyochomoza.

— Baba, nyumbani kwetu kumekosa nini?

— Hakujakosa kitu, mwanangu.

— Sasa mbona unakaa huku?

Fundi akainamia kikombe chake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Muulize Profesa, Waya akasema haraka. Yeye anajua yote.

— Swali lenyewe refu, Profesa akasema.

— Fupi, babu, mtoto akasema, akasubiri.

Muuza kahawa naye alisimama na birika lake bila kummiminia mtu. Mwishowe Fundi akaweka kikombe chini kikiwa na kahawa, akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Waya akawasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona.

— Haya, Profesa. Kwako wewe kumekosa nini?

Profesa alifikiri, na safari hii hakukohoa.

— Mimi, akasema.

Akamrudishia muuza kahawa kikombe chake.