Mama Justa na Ramani ya Mabomba

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Mirongo, na ninyi mliosafiri tangu jana kutoka Kamachumu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Nestory Rwehumbiza, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Prudencia, kwa sharti alilolitoa yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, kwamba nisiwalize watu.

Prudencia alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu mzee Rwehumbiza, mkulima wa kahawa, na mama yetu Renatha, ambaye tunaye hapa. Alisoma shule ya msingi nyumbani kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, sekondari Bukoba hadi 1982, kisha akaenda Morogoro kusomea uchoraji wa ramani, na tarehe 3 Novemba 1986 akaajiriwa na Mamlaka ya Maji ya Ghuba hapa Mwanza, alikofanya kazi hadi kustaafu.

Hapo ndipo alipokutana na fundi bomba Masalu Chenge wa Misungwi, aliyekuwa akija kila siku mezani kwake kuomba aoneshwe ramani ambazo, kama alivyokiri baadaye, alizijua zote kwa kichwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa watoto watatu, Justa, Queen na Paulo, na wajukuu wanne.

Mwezi Februari 2018 Mamlaka ilileta programu mpya ya ramani ya kompyuta, na dada akateuliwa kuwafundisha mafundi kumi na wanne, ili kila bomba na kila valvu ya kufungia maji iingizwe humo. Mafundi walinuna, kwa sababu mahali zilipofukiwa valvu nyingi walipajua wao tu, na msemaji wao alikuwa shemeji Masalu, ambaye siku ya kwanza alimwambia mkewe mbele ya darasa zima, "Mama Justa, nyumbani nakusikiliza, lakini hapa sisemi kitu," akaenda kukaa nyuma na kukunja mikono.

Dada hakugomba, aliwauliza tu wanaogopa nini, na mzee Masele, mmoja wa mafundi hao, akamjibu, "Mama, tukishakupa yote tunayoyajua, kesho wataniita wa nini?"

Alizima kompyuta, akaandika barua ya ukurasa mmoja na kumpelekea mkurugenzi, akisema hatafundisha tena mpaka aahidiwe kwa maandishi kwamba hakuna fundi atakayeachishwa kazi kwa sababu ya ramani. Alikuwa amebakiza miaka sita astaafu, nasi ndugu zake tulimpigia simu kumwambia anachezea mkate wake, naye akatujibu kwamba ameshachagua. Kwa siku tisa aliripoti kazini akakaa bila kufundisha, na siku ya kumi mkurugenzi akasaini barua ya ahadi hiyo. Aliporudi darasani na ile barua, shemeji aliisoma mara mbili, akahamia kiti cha mbele.

Kuanzia hapo darasa lilihamia barabarani, mafundi wakitangulia na mitaimbo yao, dada akifuata na kishikwambi, na kila valvu iliyopatikana iliandikwa pamoja na jina la fundi aliyeikumbuka. Siku ya kwanza walikosea kuingiza namba za mahali valvu zilipo, na waliporudi ofisini kompyuta ikaonesha valvu kumi na sita zikiwa katikati ya ziwa. Mzee Masele akasema, "Kumbe sangara wanapata maji ya bomba kuliko sisi wa mlimani!" Walicheka mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza kuna nini, kisha wakaanza upya. Ramani ilikamilika Juni 2019, hakuna fundi aliyeachishwa, na dada akaitwa kufundisha wilaya za jirani hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2024.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akawa anatibiwa hapa Mwanza. Mwezi Julai watumishi wa maji wa Sengerema walimwomba akawafundishe, naye, kwa kuwa hakuweza kusimama, akamtaja mumewe aende badala yake. Shemeji alikataa kumwacha, dada akamwambia, "Nenda Baba Justa, mimi sitoki hapa, na wale watu wanasubiri." Alikwenda, na mchana Queen alipompigia simu tulimsikia shemeji akipaza sauti darasani, "Taratibu, usibonyeze kabla hujasoma!" Dada alicheka hadi machozi, akatuomba tusikate simu, akasikiliza somo lote mpaka mwisho.

Alifariki Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mumewe na watoto wake wote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, jumuiya yake ya Kanisa, na wafanyakazi wenzake, ambao leo asubuhi wamechimba kaburi lake kwa mikono yao, na shemeji Masalu ameniagiza niwaambie asante, hasa ninyi mafundi.

Dada Prudencia, umetufundisha vizuri, sasa upumzike kwa amani.