Meza ya Mlangoni

Sogeeni, wanangu, sauti inaniishia na sitarudia. Nyumba ni yenu wote wawili, msijenge ukuta katikati. Cherehani apewe shangazi yenu, ameitamani tangu tukiwa wasichana. Sasa karakana, ambayo mmeipigia hesabu hapo sebuleni mkidhani nimelala.

Baba yenu aliponiachia, kila fundi alikuwa na lwake. Mtu akiomba asaidiwe kuinua kabati, wenzake walizidisha kelele za misumeno. Kisha akaja fundi tuliyemwita Twiga kwa urefu wake, ambaye milango yake ilifungika bila kusukumwa. Vijana wakamwiga kila kitu: penseli sikioni, mluzi, hata mwendo. Na kwa kuwa Twiga akisikia mtu anaita aliweka randa chini akaenda, nao wakawa wanakwenda, bila kuhubiriwa na mtu. Alipoondoka, waliokuja nyuma yake hawakumjua, ila waliwakuta wenzao wanainuka, wakainuka.

Ndipo ukaja wewe, kifungua mimba wangu, na mikono inayomshinda Twiga. Ukaniambia, “Mama, mimi kazi yangu kuchonga, si kubeba.” Haikuchukua muda, wanagenzi nao wakaacha kubeba. Siku kabati lilipomwangukia fundi wa vanishi likamvunja mguu, alikuwa ameita mpaka amechoka, na aliyekimbia ni dada yako peke yake. Sikulaumu, wewe ndiye uliyembeba mgongoni hadi hospitali. Lakini wale vijana walibaki wamekaa kwa sababu walikuwa wanakutazama wewe.

Kwa hiyo karakana isiuzwe wala isigawanywe. Binti yangu, wewe simamia kazi na wateja. Na wewe, kaka mtu, toa meza yako chumba cha ndani, iweke mlangoni wanagenzi wakuone, na mtu akiita uwe wa kwanza kusimama. Akiinuka dada yako, watasema ana moyo mzuri, basi. Ukiinuka wewe, watajua ndivyo fundi hodari alivyo.

Usinitikisie kichwa, sioni vizuri. Sema. Kesho? Hapana, leo… Haya, nimekusikia.

Mkinizika, mafundi wasikae bila kazi. Wapeni chai, kisha wafungulieni mlango. Mungu awape riziki ya kuwatosha na wa kuila nao. Mkigombana, mpatane kabla jua halijazama. Nifunikeni miguu… baridi. Radhi zangu mnazo… wote wawili, mnazo…